Kabichi kwa Umeme, Saruji kwa Dizeli

Ukizungumzia lori la umeme Tanga, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama litapanda Soni, mlima wa barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Litapanda. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuvuta tangu tairi halijazunguka, haina klachi ya kuungua wala gia ya kutafuta kwenye kona. Swali lenye pesa ndani yake ni jingine: litashuka na mzigo gani, na siku likigoma nani atalifungua. Ukilipima hivyo, lori la kwanza la umeme linalofaa mkoa huu ni kenta ya kabichi ya Lushoto. La mwisho kabisa ni semi ya saruji inayotoka Pongwe kwenda Dar es Salaam.

Kabla ya kufika Lushoto tumalizane na dizeli, kwa sababu sifa tunazozipa dizeli nyingi ni za enzi iliyopita.

Chukua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Inasemwa haifi. Inakufa, tena kifo cha uzembe: mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, taa ya T-BELT huwaka kwenye dashibodi muda ukifika, na wapo wanaoizima taa na kuuacha mkanda. Mkanda ukikatika injini inazunguka, pistoni zinapiga vali. Kilichoipa sifa injini hii ni wepesi wa kutengenezeka. Ni silinda sita, cc 4,164, haina tabo, na pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika. Ili iendelee kunguruma inahitaji waya mmoja tu wenye umeme, ule unaofungua njia ya dizeli kwenye pampu. Waya wa betri ukioza njiani kule Mkata, fundi wa baiskeli mwenye akili anaweza kukufikisha Segera.

Kenta za zamani ziko hivyohivyo. Injini ya 4D33, cc 4,214, haina hata huo mkanda. Taimingi yake ni ya gia. Inachodai ni oili kwa wakati, rejeta isiyoziba, na nozeli zinazopimwa kwenye mashine badala ya kusikilizwa kwa sikio. Nozeli inayodondosha dizeli badala ya kuipuliza huanza na moshi na mlio wa kugonga, na mwenye gari akisema “bado inatembea”, ile dizeli inayoungulia juu ya pistoni hatimaye inaitoboa. Kupima nozeli nne ni kazi ya asubuhi moja. Kushusha injini ni wiki, na wiki hiyo mara nyingi huwa tatu.

Hapo ndipo penye kipimo halisi cha uimara wa gari la biashara: siku za kusimama. Gari linaloharibika mara sita kwa mwaka na kupona jioni ileile limekupotezea siku sita. Linaloharibika mara moja na kusubiri kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, kutoka nje kwa siku arobaini limekushinda, hata kama mwaka mzima halikuguswa na spana. Tanga, husema watu, waja leo waondoka leo. Lori lililoungua kontrol boksi haliondoki leo wala kesho.

Dizeli za kisasa zimehamia upande huo wa pili. Pampu ya zamani ilifungua nozeli kwa shinikizo la bar mia moja na kitu, au mia mbili. Mfumo wa komoni reli, bomba moja la shinikizo linalolisha injekta zote, unafanya kazi kwenye bar 1,600 hadi 2,000, na nafasi kati ya vyuma ndani ya injekta ni mikroni chache tu. Injini inakuwa na nguvu zaidi na inakunywa kidogo, hilo halina ubishi. Lakini pampu yake inalainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakiingia, au dizeli ikichanganywa na kitu chepesi, pampu inajisaga, na vumbi la chuma linakwenda moja kwa moja kwenye injekta zote nne. Ukibadilisha pampu bila kusafisha reli, mabomba na tangi, pampu mpya nayo inakula vumbi la mwenzake.

Mfano unaopaswa kujulikana na kila mnunuzi wa Hilux au Prado iliyotumika ni injini ya 1KD, cc 2,982. Chini ya kila injekta kuna washa ya shaba. Ikianza kuvuja, moto wa silinda unapita pembeni na kuingia kwenye oili. Oili inageuka ujiuji mweusi, ule ujiuji unaganda kwenye chujio la kunyonyea oili lililoko ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na siku moja taa ya oili inawaka mlimani. Dereva akisema “nifike tu pale mbele”, injini imenoki. Ishara zake huja mapema: asubuhi inawaka kwa kugonga, harufu ya moshi inatoka kwenye kifuniko cha oili, oili inakuwa nzito kuliko kawaida. Dawa ni kufungua injekta, kuweka washa mpya kila zinapofunguliwa, kufunga kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu, na kushusha sampu kulitazama lile chujio. Fundi anayebadilisha washa na kuacha sampu amefanya nusu ya kazi, ile nusu rahisi.

Je, kosa ni la dizeli yetu? Kidogo kuliko tunavyosingizia. Kiwango cha salfa kinachotakiwa Afrika Mashariki ni sehemu 50 kwa milioni tangu 2015. Mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa ulipungua baada ya serikali kupandisha ushuru wa mafuta hayo mwaka 2011, maana faida yake ilikwisha, na EWURA, mdhibiti wa nishati, ilikwishaanza kuweka vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta. Tatizo lililobaki ni la madumu. Dizeli inayouzwa pembeni mwa barabara imetoka kwenye tangi la mtu mwingine, imepita kwenye mpira na dumu lililokuwa na kitu kingine, na imelala nje usiku wa pwani wenye unyevu. Kwa 4D33 ni uchafu wa kuziba filta. Kwa komoni reli ni bili.

Kinga haina siri. Jaza tangi jioni, usiliache tupu usiku kucha, kwa sababu hewa yenye unyevu hugeuka matone kwenye kuta za tangi. Fungua skrubu ya chini ya filta ya kutenganisha maji kila wiki, kinga kwa chupa ya kioo na uangalie. Maji hukaa chini, dizeli juu. Filta ya bei ya chini kabisa inapitisha uchafu ambao pampu haiwezi kuusaga.

Na wanaosubiri bomba la mafuta ghafi la Chongoleani lishushe bei ya wese wasijisumbue. Bomba lile la kilomita 1,443 kutoka Uganda ni la kubeba mafuta mazito yenye nta, ambayo lazima yapashwe moto njia nzima ili yatembee, na yakifika yanapakiwa melini. Kinu chetu cha kusafisha mafuta, TIPER kule Kigamboni, kiliacha kusafisha zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Tutanusa tu.

Kuna jambo moja zaidi la dizeli mpya ambalo litawaumiza wengi, kwa sababu kenta za zamani zinaisha sokoni Japani na tunasukumwa kwenye za 2010 kuendelea. Hizo zina injini ya 4P10 ya cc 2,998, nyingine zina gia boksi ya klachi mbili inayobadilisha yenyewe, na karibu zote zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuunguza masizi kwenye joto la nyuzi 550 hadi 600. Gari linalozunguka Ngamiani, Tanga mjini, kuanzia asubuhi hadi jioni, likisimama kila hatua mia mbili, halifikii joto hilo hata siku moja. Taa inawaka, nguvu inapungua, dereva anakaza mguu, na mwisho fundi anakata chujio na kuidanganya kompyuta. Kukata si suluhisho la kujivunia, moshi wake tunauvuta sisi. Anayeinunua kwa safari ndefu atafanikiwa nayo akitumia oili yenye majivu machache, alama ya CJ-4 au CK-4 kwenye kopo, na akiliacha gari limalize kujisafisha bila kuzimwa katikati. Anayeinunua kwa mizunguko ya mjini amenunua ugomvi.

Mizunguko ya mjini na vipande vifupi vinavyojirudia ndivyo hasa umeme unavyovitaka.

Tuweke namba. Kenta ya umeme ya Mitsubishi Fuso, toleo la 2022, ilitangazwa ikiwa na machaguo matatu: betri moja, mbili au tatu. Betri mbili zenye jumla ya uniti 82.6 zinaifikisha kama kilomita 140. Ni uniti 0.6 kwa kilomita, na ukiongeza hasara ya kuchaji fanya 0.65. Uniti ya TANESCO kwa mteja wa kawaida wa biashara ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, yaani kama 356 mkononi. Kilomita moja ni shilingi 230 hivi. Bei ya dizeli hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo tuchukue 2,800 kwa lita kama mfano, na kenta inayokwenda kilomita 7 kwa lita: shilingi 400. Tofauti ni 170. Kwa kilomita 30,000 kwa mwaka unabakiza milioni 5.1. Ni pesa, lakini kwa bei ya lori jipya la umeme ukilinganisha na kenta ya mtumba, mfanyabiashara mwenye hesabu hatanyanyuka kwenye kiti.

Sasa lipeleke lori hilohilo Mombo.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na unapanda kama mita 1,000. Kenta tupu ina tani 3 hivi. Kuinyanyua mita 1,000 kunahitaji uniti 8.2, ongeza msuguano wa tairi, upepo na hasara ya mota, zinafika 14. Kule juu inapakia tani 3.5 za kabichi, karoti na hoho. Sasa ni tani 6.5, na kuziteremsha mita hizo 1,000 kunaachia uniti 17.7. Kwenye gari la dizeli uniti zote hizo zinapotea kwenye msuguano, kwenye injini na kwenye ngoma za breki, ndiyo ile harufu ya lainingi inayokupokea kwenye kona za chini ya Soni. Kwenye gari la umeme mota inageuka jenereta. Ukitoa msuguano na hasara, uniti 6 hadi 7 zinarudi kwenye betri. Safari nzima ya kilomita 66 inakula uniti 8.

Hata hesabu hii ikiwa na matumaini kupita kiasi, izidishe mara mbili, uniti 16, na hasara ya kuchaji zifike 18. Ni shilingi 6,400. Kenta ya dizeli kwa mlima ule, kwa wastani wa kilomita 6 kwa lita, inakunywa lita 11, yaani 30,800. Kwa safari mbili kwa siku, siku 250 kwa mwaka, tofauti ni milioni 12. Na hapo lainingi za breki hazijahesabiwa. Betri ya uniti 40 hivi ingetosha kazi hiyo. Ya 80 ni kubeba uzito wa bure. Si lazima iwe ya Mjapani pia. Ya Kichina yenye betri ya ukubwa huo itafuata sheria zilezile za mlima.

Jambo hili limeshafanyika kwa vyombo vikubwa zaidi. Uswisi, kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji karibu na mji wa Biel, kuna dampa la Komatsu lililogeuzwa kuwa la umeme. Linapanda tupu likiwa na tani 45, linateremka na tani 65 za mawe juu yake, na inaelezwa kwamba linaweza kurudisha umeme mwingi kuliko linaotumia. Ukweli wake wote uko kwenye neno moja: mzigo unashuka. Ndiyo maana lori linalopandisha mbolea, saruji na bia kwenda Lushoto halipati zawadi hiyo. Likipanda na tani 6.5 litahitaji karibu uniti 29 za kupanda peke yake. Mwenye kenta lazima ajue mizigo yake inaelekea wapi kabla ya kuuliza bei ya betri.

Kabichi, bila shaka, haziliwi Mombo. Zinakwenda Dar es Salaam na Tanga mjini. Hapo lori la umeme linashusha Mombo au Korogwe, na Fuso kubwa la dizeli linapokea. Kushusha na kupakia tena ni gharama na ni hasara ya mboga zinazochubuka, asiyeihesabu anajidanganya. Lakini mzigo mwingi wa mashambani hukusanywa hivyo hata leo, kidogo kidogo, kabla ya kupanda gari kubwa.

Kazi nyingine inayofaa ni mkonge. Trela linalotoka shambani kwenda korona, mtambo wa kuchakata mkonge, linatembea kilomita chache, linarudi palepale, na korona yenyewe tayari ina umeme wa fezi tatu. Bajaji na bodaboda hazihitaji aya nzima. Hesabu yake ilishakubali.

Semi ya saruji ni habari nyingine. Pongwe hadi Dar ni kama kilomita 350. Mercedes-Benz eActros 600 ina betri za uniti 621 na inakwenda kilomita 500 ikiwa na jumla ya tani 40. Betri peke yake zina tani 4.5. Sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56 kwa ekseli saba, na mizani haijali kama tani zako ni za saruji au za betri. Lori limefika Dar, linataka chaja ya kilowati 400 kwa saa moja na zaidi. Malori 50 yakichomeka kwa pamoja yanavuta megawati 20, karibu mtambo mzima wa Hale wenye megawati 21. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 limetutoa kwenye mgao wa mwishoni mwa 2023, lakini umeme wa Rufiji kuwepo na waya mnene kufika kwenye maegesho ya malori ni mambo mawili. Hapo Scania ya dizeli itaendelea kuvuta kwa miaka mingi, na hakuna aibu.

Nani atalifungua? Hapa wapenzi wa umeme huanza kuangalia pembeni. Mota haina pistoni, ringi, nozeli wala gasketi ya hedi, kweli. Kinachogoma ni vitu vidogo: betri ya kawaida ya volti 12 ikifa, gari zima lenye uniti 80 haliwaki. Swichi kubwa za betri zinaungua midomo. Pampu ya maji ya kupoza betri inakwama. Na adui wa Tanga ni chumvi. Unyevu wa bahari ukiingia kwenye soketi ya waya wa rangi ya machungwa, ule wa umeme mkubwa, umeme unaanza kuvujia kwenye bodi, kompyuta inagundua na kukataa kuwasha. Ni kinga, lakini dereva ataona gari bovu. Hata breki zina ugonjwa mpya: kwa kuwa mota inafanya kazi kubwa ya kusimamisha, kalipa na ngoma hazitumiki, zinashika kutu na kuganda. Zifunguliwe, zisafishwe na kupakwa grisi yake kila mwaka, gari liwe limekula lainingi au halijala.

Zile nyaya za machungwa zina volti mia kadhaa. Fundi aliyezoea kugusisha waya wa volti 24 aone cheche hapaswi kuzikaribia. Utaratibu ni kuzima gari, kuvaa glovu za umeme za volti 1,000 ambazo hazina tundu, kutoa plagi ya usalama ya betri na kuifungia mfukoni, kusubiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe, na kupima kwa mita kuhakikisha ni sifuri. Glovu hupimwa kwa kuzipuliza na kuzikunja. Gereji isiyo na glovu hizo isipokee gari hilo, hata likija kwa kusukumwa.

Joto nalo lina lake. Betri iliyo na mfumo wa kupozwa kwa maji itavumilia nyuzi 32 za mchana wa pwani. Zile za kupozwa kwa hewa tu, kama Nissan Leaf za zamani zinazotoka Japani, huchoka mapema. Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vijiti 12 vya afya ya betri, vile vyembamba vya pembeni, si vya chaji. Kijiti cha kwanza kikipotea, betri imeshapoteza karibu asilimia 15. Leaf yenye vijiti 8 itakutoa Tanga mjini ikufikishe Muheza. Kurudi ni dua.

Na chaja ya kabichi ijengwe Mombo, si Lushoto. Betri iliyojaa hadi juu haina nafasi ya kupokea umeme wa kushuka. Mota inashindwa kushika, na dereva anarudi kwenye breki za ngoma akiwa na tani 6.5 kwenye kona za Soni. Lijazwe chini, lipande, lifike Lushoto likiwa na nafasi, likamate kila uniti ya mlima. Chaja ya kilowati 22 ya fezi tatu inatosha: uniti 18 zinarudi katika muda usiofika saa moja, utingo akiwa bado anashusha magunia.